Kabla hujampa mtu mgongo wako

Ukishinda mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma ukipakua dagaa, au ukihangaika na madumu ya mawese pale Mwanga, siku moja kiuno kitagoma tu. Hapo kila jirani ana mtu wake wa kukuelekeza: mkandaji, muunga mifupa, na siku hizi kuna wanaotaja osteopathia, tiba ya mikono ya misuli na maungio.

Kabla hujamfuata yeyote, jichunguze. Mama yangu mdogo alichuliwa mgongo wiki tatu nzima. Usiku kanga inalowa jasho, mchana sketi inamvuka, na sisi tunasema ni uchovu wa kazi. Kumbe kifua kikuu kimeingia kwenye pingili za uti wa mgongo. Dawa zake ni bure. Tulichopoteza ni zile wiki tatu. Kwa hiyo ukiona homa, kukonda, maumivu yasiyotulia hata ukilala, mguu kukosa nguvu, ganzi sehemu za siri au mkojo kukwama, achana na mikono ya watu. Nenda hospitali ya Maweni siku hiyohiyo. Na aliyeanguka kutoka kwenye mchikichi au bodaboda apigwe eksirei kwanza.

Kama hayo hayapo, sasa muulize mtaalamu alikosomea. Osteopathia ilianzishwa na daktari wa Marekani, Andrew Taylor Still, aliyefungua chuo chake Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Leo kwao mwenye shahada hiyo ni daktari kamili, anaandika dawa na anapasua. Uingereza amesajiliwa kisheria, ila kazi yake ni ya mikono: anapapasa misuli na maungio, anavuta, anakandamiza, pengine anasukuma ghafla mpaka kiungo kinalia. Jina moja, kazi mbili. Hapa kwetu tiba mbadala ina Baraza lake, kwa sheria ya mwaka 2002, kwa hiyo omba kuona usajili. Akinuna, vaa viatu vyako uondoke.

Mwambie mapema kama wewe ni mjamzito, mifupa yako imelika, au unameza dawa za kuzuia damu isigande. Beba vidonge vyenyewe akavione. Shingo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Msukumo wa ghafla hapo, ingawa ni nadra, unaweza kuchana mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo ukaleta kiharusi. Unaweza kumwambia, "Shingo usiguse," na tiba ikaendelea.

Vaa nguo nyepesi, nenda na ndugu, ulizia bei ya awamu zote, si ya leo tu. Maumivu ya kawaida ya kiuno yanaweza kupungua. Anayekuahidi kuponya sukari au ugumba kwa kukukanda, usimlipe. Kuuma-uma siku moja au mbili baada ya tiba si ajabu. Ganzi mpya ndiyo ya kukurudisha hospitali, hata kama mkandaji anasema mishipa "inafunguka."