Jinsi ya kuwatembeza wanafunzi Pompeii wakaelewa kitu

Pompeii ni mji wa kale wa Kirumi huko Italia uliofukiwa na majivu ya volkano. Kama mnatokea Napoli pandeni treni ya Circumvesuviana mshuke Pompei Scavi, geti la Porta Marina liko karibu tu. Nendeni asubuhi mapema, kivuli mle ndani ni kidogo mno, kwahiyo kofia, maji na raba zenye soli nzuri maana barabara ni mawe matupu.

Msijaribu kumaliza mji wote, ni mkubwa sana. Mimi ningeanza na Via dell'Abbondanza, moja ya barabara kuu za mji, waambie watafute mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni, na yale mawe makubwa ya kuvukia barabara, halafu waulize yaliwekwa ya nini na uwaache wabishane kwanza kabla hujawajibu, hapo ndo wanajifunza kweli.

Kabla ya kufika kwenye miili ya plasta ongea nao. Mlima wa volkano Vesuvius ulilipuka mwaka 79 baada ya Kristo, miili ya waliokufa ikaoza ndani ya majivu ikaacha uwazi wenye umbo lake, na mwaka 1863 mwanaakiolojia Giuseppe Fiorelli akaanza kumimina plasta humo. Wale ni watu jamani, selfi za kucheka hapo hapana.

Kuta zisiguswe, na msiokote hata kajiwe.