Kuhamisha nyuki kutoka kwenye pango la mti: majana kwanza, asali baadaye

Katika ukanda wa miombo, kuanzia Tabora na Sikonge hadi Katavi na Kigoma, mkulima anayefungua shamba jipya mara nyingi hukuta mti wenye pango lililokaliwa na nyuki. Kinachofuata kinajulikana: shoka, mwenge wa nyasi, ndoo ya asali iliyochanganyika na majivu, na kesho yake kundi lote limekufa au limehama. Mkulima amepata asali ya siku moja, amepoteza wachavushaji wa alizeti, maboga na matikiti yake, na pengine moto umeingia msituni. Kundi hilohilo lingeweza kuingizwa kwenye mzinga na kumpa asali safi msimu baada ya msimu.

Kwanza jiulize kama kuna haja ya kuwatoa. Nyuki walio mita 300 au zaidi kutoka kwenye nyumba, zizi na njia ya watoto hawakudhuru. Waache, kisha utundike mzinga mtupu uliopakwa nta katika mti wa jirani. Nyuki wa pangoni wakizidi, kundi hugawanyika, na sehemu inayotoka hutafuta makazi. Mara nyingi harufu ya nta huivuta mzingani bila mtu kuchomwa hata mara moja. Kwa mkulima asiye na haraka, hii ndiyo njia ninayoipendelea.

Kuhamisha kunafaa pale mti umeanguka, umeoza, unakatwa kwa sababu nyingine, au pango liko jirani na makazi ya watu. Kukata mti mzima wenye afya kwa ajili ya asali peke yake ni hasara: pango kama lile hutengenezwa kwa miaka mingi, na makundi yajayo yanalihitaji. Ikiwa mti umo ndani ya hifadhi ya msitu, pata kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kabla ya kugusa chochote. Ofisa nyuki wa halmashauri yako naye ashirikishwe mapema, kwa sababu mara nyingi anajua nani ana mavazi na bomba la moshi la kuazima.

Kazi hii isifanywe na mtu mmoja. Wawe angalau wawili, wenye kofia za wavu, ovaroli, glavu na mabuti, suruali zikiwa zimefungwa vizuri chini. Mbuzi, ng'ombe na mbwa wahamishwe kabla hujaanza. Mnyama aliyefungwa kamba hawezi kukimbia na huchomwa hadi kufa. Aliyewahi kuvimba midomo au kubanwa pumzi baada ya kuchomwa asisogee kabisa. Dalili hizo zikimtokea yeyote wakati wa kazi, awahishwe hospitali mara moja.

Anza saa kumi na moja jioni, siku isiyo na mvua wala upepo mkali. Bomba la moshi liwashwe kwa magunzi ya mahindi, nyasi kavu au kinyesi kikavu cha ng'ombe, kamwe si plastiki wala matambara ya nailoni. Moshi unaotakiwa ni mweupe na wa baridi. Puliza kidogo kwenye mlango wa pango, subiri dakika chache nyuki wanywe asali na kutulia, kisha panua tundu taratibu kwa msumeno au patasi. Shoka hutikisa shina na kuwachokoza. Ukichomwa, ng'oa mwiba upesi kwa kukwaruza na upulizie moshi mahali hapo, maana mwiba huacha harufu inayowaita wengine.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengi hulikosea. Mkono wa binadamu hukimbilia asali, lakini kinachowabakiza nyuki mzingani ni majana, yaani watoto wa nyuki walio ndani ya masega, pamoja na malkia. Nyuki wetu wa Afrika huhama kwa urahisi sana wakisumbuliwa. Kundi lililopewa sanduku tupu linaweza kuondoka kesho yake. Likipewa watoto wake, lina sababu ya kukaa.

Kata masega yenye majana moja moja kwa kisu kirefu. Chagua yale ya kahawia au meusi, kwani ni imara; meupe mapya huvunjika mkononi. Tafuta hasa yenye mayai na viluwiluwi wadogo kabisa, ili malkia akipotea vibarua, yaani nyuki watenda kazi, waweze kulea mwingine, ambaye huchukua siku 16 tangu yai hadi kutoka. Linganisha ukingo wa juu wa sega, ulibane chini ya kiunzi cha mzinga, yaani ufito wa juu unaobeba sega, na kulifunga kwa nyuzi za katani au za pamba. Juu ibaki juu kama ilivyokuwa mtini. Nyuki wataligandisha wenyewe kwa nta, kisha watatafuna nyuzi na kuzitupa nje. Viunzi viwe na upana wa milimita 32; vikizidi au kupungua, masega yatajengwa kombo.

Malkia ana tumbo refu, hukimbilia gizani, na mara nyingi yuko karibu na mayai. Ukimwona, mtie katika kiberiti kilichotobolewa vitundu vidogo pamoja na vibarua wachache, ukiweke kati ya masega ya majana, umwachie baada ya siku 3. Usipomwona, hamisha nyuki kwa kikombe au brashi laini, halafu tazama mlangoni mwa mzinga. Wakiinua matumbo na kupepea mbawa huku wenzao wakiingia kwa mfululizo, kuna uwezekano mkubwa kuwa yumo.

Asali ichukuliwe mwisho. Masega yaliyozibwa tia kwenye ndoo safi yenye mfuniko, na uwaachie nyuki mawili au matatu ya chakula, uyafunge pembeni mwa mzinga. Iliyodondoka ifute, maana itawaita siafu na nyuki wezi.

Iwapo shina haliwezi kufunguliwa, kuna njia ya koni ya wavu wa waya: nyuki hutoka na kushindwa kurudi, wakaingia kwenye mzinga uliowekwa kando. Huchukua wiki kadhaa, na kwa kawaida malkia hubaki ndani, hivyo lazima uwe na sega lenye mayai kutoka mzinga mwingine. Usiijaribu bila mtaalamu.

Mzinga uache palepale, mlango wake ukielekea lilipokuwa tundu, hadi giza liingie na wote wawe ndani. Ukiuhamisha mita chache tu, wachumaji watarudi mtini. Uupeleke usiku, zaidi ya kilomita 3, kwenye kivuli na karibu na maji. Utundike kwa waya uliopakwa grisi dhidi ya siafu. Pango lizibwe kwa mawe na udongo, la sivyo kundi jingine litaingia kwa kufuata harufu. Usifungue mzinga kwa siku 7, isipokuwa kumwachia malkia siku ya 3 kama ulimtia kwenye kiberiti. Baada ya hapo tafuta mayai mapya, na usivune hadi masega yajae na kuzibwa katika msimu wa maua unaofuata.