Kabla Unyevu Haujahamia Ndani: Mambo ya Kuzingatia Mapema

Watu wengi huanza kuhangaika na unyevu siku wanapotoa koti kabatini na kulikuta limeota ukungu. Hapo ndipo mbio za dukani zinapoanza: rangi ya kuzuia ukungu, vikopo vya kunyonya maji, pengine na mashine kabisa. Pesa zinatoka, na baada ya miezi michache madoa yanarudi palepale. Maji yana njia ya kuingia nyumbani na yana njia ya kutoka. Usipozijua zote mbili, chochote unachonunua ni kubahatisha. Kwa hiyo haya yanayofuata ni ya kufanya mapema, kuta zikiwa bado kavu na fundi akiwa bado anapatikana.

Anza na kipima unyevu. Vile vidogo vya kidijitali vinavyoonyesha joto na asilimia ya unyevu, yaani mvuke uliopo ukilinganishwa na ule ambao hewa ya joto hilo inaweza kubeba, vinatosha kabisa kwa nyumba ya kawaida. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, inashauri unyevu wa ndani ubaki chini ya asilimia 60, na ikiwezekana uwe kati ya 30 na 50. Anayeishi kwenye joto na mvua nyingi asijitese kutafuta 40. Akiweza kukaa chini ya 60 siku nyingi, amefanya kazi nzuri. Juu ya hapo chawa wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanastawi kwenye godoro na mito, na ukungu unapata nafasi.

Kabla ya kukiamini kipima chako, kijaribu. Chukua kizibo cha chupa, jaza chumvi ya kawaida ya mezani, kisha dondoshea maji kidogo ili chumvi ilowe bila kuyeyuka yote. Weka kizibo hicho pamoja na kipima ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa ukabana, uangalie kisipinduke, na uviache usiku kucha mahali pasipopigwa na jua. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75. Kipima kikisoma 70, ujue kinapunguza 5. Andika hivyo kwa kalamu mgongoni mwake na uwe unajumlisha. Kazi yenyewe haichukui dakika tano, na itakuepusha na kununua mashine kwa sababu ya namba ya uongo.

Kisha kizungushe chumba hadi chumba kwa wiki moja hivi, ukisoma asubuhi na jioni. Usitazame namba peke yake, tazama mwenendo wake. Ikipanda wakati wa kupika au kuoga na kushuka baada ya muda mfupi, nyumba inapumua. Ikikaa juu mchana kutwa hata watu wakiwa hawapo, wakati hewa ya nje ni kavu, basi kuna maji yanayoingia kutoka ardhini, paani au kwenye bomba, na hakuna mashine itakayoyamaliza.

Suala la madirisha linahitaji utulivu kidogo, maana ushauri wa “fungua madirisha hewa iingie” si wa kila saa. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko ya baridi: mita moja ya ujazo kwenye nyuzi 30 za Selsiasi inaweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke, lakini kwenye nyuzi 20 inaishia gramu 17. Sasa chukua mchana ambao nje kuna nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 60. Ukiiruhusu hewa hiyo kwenye chumba chenye nyuzi 26, unyevu wake unapanda na kuvuka asilimia 80, ingawa hakuna tone lililoongezwa. Njoo usiku, nje kuna nyuzi 22 na asilimia 85. Namba inatisha, lakini hewa hiyo ikiingia ndani na kupata joto lilelile la nyuzi 26 inashuka hadi chini ya asilimia 70. Kwa maneno mengine, asilimia za nje na za ndani hazilinganishwi hivi hivi tu. Joto lazima liingie kwenye hesabu. Kanuni rahisi ya kutembea nayo ni kwamba hewa ya nje ikiwa na ubaridi unaoonekana wazi kuliko ya ndani, fungua pande mbili za nyumba ipite. Ikiwa nje kuna joto zito na mvua imetoka kunyesha, funga hadi jioni.

Ndani ya nyumba kwenyewe maji mengi yanatengenezwa kuliko watu wanavyodhani. Mtu mzima aliyetulia tu hutoa karibu lita moja kwa siku kwa pumzi na jasho. Nguo za mashine moja zikianikwa sebuleni huachia hewani lita mbili hivi, na zaidi kama hazikukamuliwa vizuri. Kinachoshangaza wengi ni gesi ya kupikia: kilo moja ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, kwa kuwa hidrojeni iliyomo kwenye gesi huungana na oksijeni ya hewani na kuwa mvuke. Hapo bado hujahesabu sufuria inayochemka bila mfuniko. Kwa hiyo, kabla ya miezi ya mvua, amua mapema nguo zitaanikwa wapi jua likikosekana. Kama ni lazima ziwe ndani, ziweke kwenye chumba kimoja chenye dirisha wazi au feni ya kutolea hewa, na mlango wa kuelekea vyumba vingine ufungwe. Kuzitandaza kwenye viti na milango nyumba nzima ni kugawa unyevu kwa haki kila mahali.

Feni ya bafuni au jikoni ikaguliwe inakotoa hewa. Zipo nyingi zilizofungwa vizuri kabisa na zinazopuliza mvuke juu ya dari badala ya nje, na mbao za paa ndizo zinazolipia. Shika kipande cha karatasi laini kwenye wavu wake: kikivutwa na kunasa, inafanya kazi; kikining’inia tu, imejaa vumbi au njia imeziba. Iache iendelee dakika 15 hadi 20 baada ya mtu kutoka kuoga.

Kisha toka nje uzunguke nyumba, ikiwezekana wakati mvua inanyesha, maana hapo nyumba haifichi kitu. Angalia mifereji ya paa kama imeziba majani na kumwagia ukutani. Angalia ardhi inakoelekea: maji yakikusanyika kwenye msingi, mteremko umekosewa. Udongo au maua yaliyorundikwa ukutani hadi kupita usawa wa sakafu ya ndani nayo hupitisha maji. Doa lenyewe huwa linasema limetoka wapi. Likianzia chini na kuishia kama mita moja kwenda juu, huku rangi ikibanduka na unga mweupe wa chumvi ukitokeza, maji yanapanda kutoka ardhini. Likiwa juu karibu na dari, fikiria paa. Likiwa doa moja la mviringo katikati ya ukuta, kuna uwezekano mkubwa wa bomba linalovuja ndani.

Ukiwa na mashaka juu ya sakafu au ukuta, kata kipande cha nailoni, kibandike kwa selotepu pande zote nne bila kuacha upenyo, ukiache siku mbili. Matone yakijikusanya upande wa chini wa nailoni, maji yanatoka kwenye zege au ardhini. Yakiwa upande wa juu, yametoka kwenye hewa ya chumba. Majibu hayo mawili yana tiba tofauti kabisa, na ndiyo maana nasisitiza jaribio hili lifanyike kabla ya kumwita fundi wa rangi. Rangi ya mafuta juu ya ukuta unaosukuma maji hufanya malengelenge na kubanduka, nawe utalipa mara mbili. Nyumba mpya nayo ipewe muda, kwa sababu zege na lipu hutoa maji kwa miezi mingi.

Kabati kubwa lililobanwa kwenye ukuta wa nje ndilo mahali ninapoangalia kwanza. Chumba kinaweza kuwa na nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 65, hali isiyomsumbua mtu. Lakini ukuta ulio nyuma ya kabati, ukipoa hadi nyuzi 22, hewa inayougusa inavuka asilimia 80, na kiwango hicho kikidumu kinatosha ukungu kuota bila ukuta kulowa hata kidogo. Sogeza kabati sentimita 5 hadi 10, usilijaze nguo hadi mlango ugome, na usirudishe ndani nguo yenye unyevunyevu ukisema itamalizikia humo. Godoro lililolazwa sakafuni lina tatizo hilohilo chini yake.

Baada ya hayo yote ndipo mashine zizungumzwe. Kiyoyozi hukausha hewa kwa kuwa mvuke hugeuka maji kwenye koili yake ya baridi, lakini kikiwa kikubwa kupita chumba hupoza upesi na kujizima kabla hakijavuta maji ya kutosha, ukabaki na chumba cha baridi na chepechepe. Hakikisha bomba lake la kutolea maji halijaziba. Mashine ya kukausha hewa isomwe vizuri kwenye boksi: lita zilizoandikwa mara nyingi zimepimwa kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kwa hiyo nyumbani tegemea pungufu. Inapofanya kazi madirisha yafungwe, la sivyo unakausha mtaa. Ile yenye kompresa hutoa joto kidogo na huchoka kwenye baridi ya chini ya nyuzi 15. Vikopo vya chumvi ya kunyonya maji vinafaa ndani ya kabati, lakini chumba kizima kinavizidi. Na maji yanayokusanyika humo yasimfikie mtoto wala yasimwagikie chuma.

Weka pia vifaa vya kusafishia tayari: glavu, barakoa ya N95, miwani ya kukinga macho, sabuni na brashi. Kitu kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, kabla ukungu haujaanza. Eneo lenye ukungu likiwa chini ya mita moja ya mraba, unaweza kulisafisha mwenyewe kwa maji na sabuni, kisha ulikaushe. Dari la jipsamu au godoro lililoingiwa hadi ndani litolewe. Usichanganye dawa ya klorini na siki wala na dawa yenye amonia. Gesi inayotoka ni sumu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unahusisha unyevu na ukungu wa majumbani na dalili za kifua pamoja na pumu, kwa hiyo mwenye pumu asipewe kazi hii.

Ukavu nao upo, hasa kunakowashwa hita: midomo inapasuka, pua inatoa damu, mbao zinaachana. Anayetumia mashine ya kuongeza unyevu abadilishe maji yake kila siku na kuisafisha mara kwa mara, na izimwe ikifika asilimia 50.

Na kama unafunga nyumba kwa wiki kadhaa, funga valvu kuu ya maji, toa taka zote, kausha bafu, acha milango ya vyumba na makabati wazi, na inua godoro lisimame. Kipima kiache mezani. Vile vinavyohifadhi kiwango cha juu kabisa kilichofikiwa vitakuonyesha unyevu ulipanda hadi wapi ulipokuwa hupo.