SOMO: Picha za mapafu zinavyobadilika siku hadi siku kwa mgonjwa wa COVID-19

Habari wadau, watu wengi wanaleta ripoti za siti skani (CT scan, picha ya mionzi inayoonyesha mapafu kipande kwa kipande) wanauliza "hii mbaya?" na karibu wote wanasahau kusema kitu kimoja, mgonjwa alianza kuumwa lini. Bila hiyo siku mtu hawezi kukusaidia sana, maana picha ya siku ya 4 na picha ya siku ya 20 zinaweza kufanana kabisa na maana yake ikawa tofauti kabisa. Natumia COVID-19 kwasababu picha zake zimefuatiliwa kwa karibu mno tangu 2020. Ila mjue influenza na virusi vingine vinaweza kutoa picha ya namna hiyohiyo, kwahiyo picha peke yake haikutajii jina la kirusi.

HATUA YA 1: Tafuta siku ya kwanza

Siku ya kwanza ni ile dalili zilipoanza, iwe homa, kikohozi au mwili kuuma, sio siku ya majibu ya kipimo wala siku ya kulazwa. Hakikisha imeandikwa kwenye fomu ya kuombea picha. Anayesoma picha mara nyingi hajamuona mgonjwa, anajua kile tu kilichoandikwa pale, na fomu nyingi zinakuja zimeandikwa "kikohozi" basi. Inaniuma kwakweli, maana neno moja la tarehe lingebadilisha ripoti nzima.

HATUA YA 2: Jua weupe wa aina mbili

Kwenye siti skani hewa ni nyeusi, na kadiri kitu kinavyokuwa kizito ndo kinavyokuwa cheupe. Kuna kipimo cha Hounsfield, hewa ni -1000, maji ni 0, pafu lisilo na ugonjwa, lililojaa hewa, linaangukia karibu na -800. Pafu likianza kuingiwa na majimaji namba inapanda na weupe unaonekana.

Aina ya kwanza inaitwa kioo chenye ukungu. Ni kama dirisha lililopigwa na mvuke, kuna weupe lakini bado unaona mishipa ya damu ikipita ndani yake. Vifuko vya hewa hapo vimejaa kidogo tu, au kuta zake zimevimba. Aina ya pili ni konsolidesheni, weupe uliokolea mpaka mishipa haionekani tena, hapo hewa imetolewa kabisa na nafasi yake imechukuliwa na majimaji na seli. Ukishika tofauti hii moja ripoti nyingi utaanza kuzielewa.

HATUA YA 3: Siku 0 mpaka 4 (siku 0 ndo ile dalili zilipoanza)

Picha inaweza kuwa safi kabisa na mtu anaumwa kweli. Kuna utafiti wa China wa 2020 wa wagonjwa 121, waliopigwa picha ndani ya siku mbili za mwanzo za dalili zaidi ya nusu yao siti skani haikuonyesha kitu. Kwahiyo picha safi ya mapema isikufanye useme hana.

Ikionekana kitu, ni vipande vya ukungu, mara nyingi mapafu yote mawili, pembezoni karibu na ukuta wa kifua, na zaidi sehemu za chini na nyuma. Eksirei ya kawaida hapa inakosa mengi, ukungu mwepesi hauonekani vizuri.

HATUA YA 4: Siku 5 mpaka 8

Ukungu unatanuka, vipande vinaungana, na juu yake inajitokeza mistari myembamba inayokatizana, hizo ni kuta za katikati ya vifuko zilizovimba. Konsolidesheni inaanza hapa na pale. Huu ndo muda wa kuwa macho nyumbani kuliko wote, maana wengine oksijeni inashuka wakati bado wanaongea vizuri na hawasikii kubanwa, kwahiyo kile kipimo cha kidoleni kina kazi kubwa kuliko kukimbilia picha nyingine.

HATUA YA 5: Siku 9 mpaka 13, kilele

Kwa wengi picha inakuwa mbaya zaidi karibu na siku ya 10. Weupe uliokolea unazidi, mistari bado ipo. Kinachochangia sana hapa ni mwili wenyewe, kinga inapambana na uvimbe unajaza vifuko hata kama kirusi kimeshaanza kupungua. Baadhi ya wasomaji wanatoa alama, mapafu yana lobu, yaani sehemu kubwa, tano (tatu kulia, mbili kushoto), kila moja inapewa 0 mpaka 5 kulingana na eneo lililoathirika, jumla 25. Ukiona "18/25" kwenye ripoti ndo maana yake, sio asilimia.

HATUA YA 6: Siku ya 14 na kuendelea

Hapa ndo watu wanapanikiki bila sababu. Konsolidesheni inapoyeyuka haigeuki kuwa nyeusi moja kwa moja, inarudi kwanza kuwa ukungu. Ripoti ya pili inaweza kuandika "ukungu umeongezeka eneo" na mtu akalia, kumbe weupe mzito umekuwa mwepesi na umesambaa, pafu linafunguka. Angalia kama konsolidesheni imepungua na ile mistari ya kukatizana imepotea, hizo ni dalili nzuri. Utaona pia mikanda kama nyuzi imebaki, na ukungu unaweza kukaa wiki nyingi baada ya mtu kujisikia mzima.

Zingatieni, hesabu hizi za siku zilitokana na wagonjwa wa mwanzo wa 2020 ambao hawakufika kwenye kushindwa kupumua vibaya. Aliye ICU ratiba yake ni nyingine, anaweza kuendelea kuwa mbaya wiki ya tatu. Na kwa waliochanjwa, na kwa Omicron (aina ya baadaye ya kirusi hiki), mapafu yanashambuliwa mara chache zaidi na kwa wepesi zaidi.

HATUA YA 7: Visivyoendana

Maji mengi nje ya pafu, shimo ndani ya pafu, tezi za kifuani zilizovimba sana, au lobu moja tu imekuwa nyeupe yote. Hivi havikai vizuri na COVID-19 peke yake, fikirieni bakteria, TB, au moyo. Na mtu aliyekuwa anapona akabanwa pumzi ghafla au kifua kikachoma, apelekwe haraka, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mishipa ya pafu na hiyo haionekani vizuri kwenye siti skani ya kawaida, kwa siti skani inatakiwa ile ya kuchoma dawa ya kuangazia mishipa.

MASWALI YA WANACHAMA

Binti wa Mzee: Dokta shikamoo, baba yuko siku ya 12, homa imeisha, anakula, oksijeni 96, lakini siti skani ya jana inasema imezidi kuliko ya wiki iliyopita. Tumwamini nani, baba au picha?

Jibu: Marahaba binti. Wiki iliyopita alikuwa bado anapanda, jana kapigwa karibu na kilele, lazima ya pili iwe nzito zaidi. Picha inachelewa nyuma ya mgonjwa. Kama anakula, hana homa na oksijeni imetulia akiwa anatembea pia, sio akikaa tu, mwendo wake ni mzuri. Endeleeni kupima oksijeni asubuhi na jioni.

Kaka Mkubwa: Mkuu ripoti yangu ya siku ya 20 imeandika faibrosisi. Ndo kovu la maisha hilo?

Jibu: Siku ya 20 ni mapema mno kusema kovu la kudumu kaka. Ile mikanda mingi inafifia yenyewe. Kovu la kweli linavuta, pafu linakuwa dogo, njia za hewa zinapanuka kwa kuvutwa, na halibadiliki picha hadi picha. Mwongozo wa Uingereza kwa waliougua nimonia vibaya ulikuwa eksirei karibu wiki ya 12, kisha siti skani kama bado kuna kitu au pumzi haijarudi. Mwombe daktari akupangie hivyo.

Mdau Kimya: Naweza kupiga kila wiki nione maendeleo?

Jibu: Hapana ndugu. Eksirei ya kifua ni karibu milisiveti (kizio cha kupimia mionzi) 0.1 au chini, siti skani ya kawaida ya kifua inaweza kufika 5 mpaka 7, ya dozi ndogo karibu 1.5. Mionzi ya asili duniani kwa wastani ni kama 2.4 kwa mwaka mzima. Sio ya kuogopa ikihitajika, ila swali la kuuliza ni moja, matokeo yatabadilisha matibabu? Kama hayabadilishi, usipige.

Mama Wawili: PCR (kipimo cha kirusi cha puani au kooni) imetoka hasi lakini picha wanasema ni ya COVID kabisa, inakuaje?

Jibu: Inatokea dada, sampuli inaweza kuchukuliwa vibaya au kwa kuchelewa wakati kirusi kimeshashuka chini mapafuni. Wanarudia kipimo na kumtibu kwa hali yake, anajitenga pia. Ila kinyume chake msifanye, siti skani isitumike kama kipimo cha kwanza cha kutafuta COVID, chama cha wataalamu wa redioloji cha Marekani kilisema hivyo tangu Machi 2020.

Mwanafunzi wa Redioloji: Weupe wa nyuma chini, nitajuaje ni ugonjwa na sio sababu mgonjwa kalala chali?

Jibu: Swali zuri sana. Kwanza hakikisha alivuta pumzi yote, pumzi nusu inatia weupe kila mahali. Ukibaki na shaka mlaze kifudifudi urudie vipande vichache tu vya pale chini. Weupe wa kulala utaondoka, wa ugonjwa utabaki palepale.