Bastola ya Akiba Kifundoni: Jihadhari Kabla Hujainunua Texas

Nawaandikia ndugu zangu wanaoishi Texas kwa kadi ya ukaazi wa kudumu, hasa wale wanaofunga maduka usiku wa manane, ambao tayari wana bastola kiunoni na sasa wanafikiria kuongeza nyingine ndogo ya kufunga mguuni. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nitaeleza ipi inafaa kwa fedha kidogo, lakini nitakaa zaidi kwenye kosa lililonifikisha mahabusu na kukaribia kunipotezea haki ya kuishi nchi hii.

Jambo la kwanza kupima ni uzito, kwa sababu kitu kilichofungwa kifundoni hukulemea kila unapopanda ngazi. Ruger LCP ya kaliba .380 ina gramu 272 hivi bila risasi na mara nyingi hupatikana kwa chini ya dola 300, ndiyo maana wengi wetu huishia nayo. Rivolva ya Smith & Wesson 642 ina gramu 408 hivi, hubeba risasi tano za .38 Special na bei yake iko juu kidogo, ila inavumilia uchafu kuliko bastola yenye magazini. Nasema uchafu kwa makusudi, kwani kule chini kuna vumbi, jasho na nyuzi za soksi zinazoingia kila mahali, na asiyekuwa tayari kuisafisha kila wiki ni heri achukue rivolva. Kwenye ala usibanie fedha: ile mifuko laini ya mpira isiyofunika triga kikamilifu ni hatari kwa mguu wako mwenyewe. Anayetumia mkono wa kulia huifunga mguu wa kushoto, upande wa ndani.

Nilichagua LCP kwa wepesi wake. Baada ya wiki mbili sikuihisi tena mguuni, na wepesi huo niliousifu kwa kila mtu ndio uliokuja kuniponza.

Kuinunua ni kazi ndogo: kitambulisho cha Texas chenye anwani unayoishi sasa, kadi ya ukaazi, fomu namba 4473, ile ya serikali ya shirikisho unayoijaza dukani unaponunua silaha, na uchunguzi wa kumbukumbu zako za uhalifu, basi. Kwa mtu aliyezoea nyumbani Tanzania, ambako ombi huanzia serikali ya mtaa na kupanda hadi kwa wakubwa wa polisi, urahisi huu unalevya, na mimi ulinilevya.

Mama yangu alikuwa anarudi Tanzania baada ya kukaa nami miezi mitatu. Kwa kuwa hajui Kiingereza, shirika la ndege lilinipa kibali cha kumsindikiza hadi mlango wa kupandia ndege. Tulipofika kwenye maegesho nikavua bastola ya kiunoni, nikaifungia ndani ya kisanduku cha gari, nikajiona mwangalifu kabisa. Ile ya mguuni haikunijia akilini hata kidogo. Mashine ya ukaguzi ikaiona, askari wakaniita pembeni, na mama yangu akasimama pale na pochi yake mkononi akimtazama mwanawe akitiwa pingu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye mtego. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 Texas inaruhusu watu wazima wengi wasio na makosa kubeba bastola bila leseni, na kwa ajili hiyo wengi wetu tuliona leseni ni kupoteza muda. Lakini sheria ya jimbo hilo hilo inampa kinga mwenye leseni aliyejisahau kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege: akijulishwa akaondoka mara moja, ana utetezi mbele ya mahakama. Asiye na leseni hana kinga hiyo, na kosa lenyewe ni jinai kubwa. Ada ya leseni ni dola 40 na mafunzo yake ni ya saa chache. Kwa kukwepa dola 40 nilimlipa wakili fedha nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya kiwanja. Leseni hiyo pia inakulinda unapopita karibu na shule, kwa kuwa sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000 za shule na inamwondolea katazo mwenye leseni ya jimbo. Chukueni leseni, hata kama jirani yenu Mmarekani anasema haihitajiki. Yeye ni raia.

Mtego wa pili ulikuja mahakamani. Nilielezwa kwamba nikikiri nitawekwa chini ya masharti kwa muda, kisha kesi itafutwa bila hukumu. Kwa raia huo ni msamaha. Kwa sheria ya uhamiaji, kukiri pamoja na masharti hayo huhesabiwa kuwa umetiwa hatiani, na mgeni aliyetiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kurudishwa kwao, awe na kadi ama asiwe nayo. Msikiri lolote kabla ya kumwona wakili wa uhamiaji. Narudia, wakili wa uhamiaji, si wa jinai peke yake. Yangu ilifutwa bila kukiri baada ya miezi kumi na moja, lakini faini ya wakala wa usalama wa viwanja vya ndege ilikuja kivyake, na kwenye fomu ya uraia nililazimika kueleza kukamatwa kule.

Wadogo zetu wenye viza ya masomo, mnapotuomba tuwanunulie bastola kwa jina letu, mnatuomba tuingie gerezani pamoja nanyi, ingawa najua hamna nia mbaya. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Abramski, ilithibitisha hatia ya mtu aliyemnunulia mjomba wake bastola na kuandika kwenye fomu kuwa ni yake, ilhali huyo mjomba alikuwa na haki ya kumiliki silaha. Sembuse asiye na haki hiyo.

Mwaka 2023 silaha za moto 6,737 zilikamatwa kwenye ukaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani, na zaidi ya tisa katika kila kumi zilikuwa na risasi. Naiona hesabu hiyo kuwa sura ya jamii iliyozoea silaha kama sisi tulivyozoea funguo. Nchi hii inakuuzia bastola kabla kahawa yako haijapoa, kisha inakuachia mwenyewe kujua mipaka yote, na ukiuvuka mmoja inakuuliza kwanza ulizaliwa wapi.

Siku hizi ala ya mguuni naihifadhi kwenye kisanduku kimoja na ile ya kiunoni, na siifungui moja bila kuiangalia nyingine. Nikienda kumpokea mgeni uwanjani, zote mbili hubaki nyumbani zimefungiwa, na kabla ya kuwasha gari nainama kushika vifundo vyote viwili.