Namna ya kuitumia kamera ya zamani ya Super 8

Super 8 ni kamera ya kupigia sinema kwa filamu. Kaseti yake moja hubeba filamu ya futi 50, yaani takriban mita 15, na kwa mwendo wa fremu (picha moja moja) 18 kwa sekunde hukwisha baada ya dakika 3 na sekunde 20. Ukiupandisha mwendo hadi fremu 24, unabaki na dakika mbili na nusu tu. Mtu aliyezoea kurekodi kwa simu anapaswa kulitia hilo akilini kabla hajaigusa kamera, kwa maana filamu iliyokwishapita mbele ya lenzi haifutiki wala hairudiwi, na gharama ya kuinunua, kuisafisha kwa dawa na kuihamishia kwenye kompyuta si ndogo. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi inayofanyika kabla ya kubonyeza kifyatulio.

Kodak iliuleta mfumo huu mwaka 1965 kwa ajili ya familia za kawaida. Kamera za milimita 8 zilizotangulia zilitumia filamu iliyopaswa kutolewa katikati ya kazi na kugeuzwa upande wa pili. Kaseti ya Super 8 ikauondoa usumbufu huo, kwani unaichomeka, unafunga mlango na kuanza. Kamera zake ziliundwa na makampuni mengi, zikiwemo Canon, Minolta, Nizo na Bauer, na vitufe vyake hutofautiana zaidi mahali vilipowekwa kuliko kazi vinayoifanya.

Anza kwenye chumba cha betri, ambacho mara nyingi kimo ndani ya mshikio. Kamera iliyokaa kabatini miaka mingi huwa na unga mweupe au wa kijani uliovuja kutoka kwenye betri zilizosahauliwa humo. Chovya pamba kidogo katika siki, usugue vile vibati vya kupitishia umeme, ukaushe, kisha upitishe msasa laini mpaka chuma king'ae. Tia betri mpya za AA, si zile ulizozitoa kwenye saa ya ukutani, kwa sababu mota hii hula umeme mwingi kuliko saa.

Sasa iendeshe kamera ikiwa tupu na uisikilize. Mlio wake unapaswa kuwa wa mfululizo, usiopanda wala kushuka. Fungua mlango wa kaseti, elekeza lenzi kwenye mwanga, na utazame kwa nyuma lile dirisha dogo ambalo filamu hupita: utaona mwanga ukimetameta, na pembeni yake utaona ukucha mdogo wa chuma ukitokeza na kushuka, ukirudi juu na kushuka tena. Ukucha huo ndio unaoivuta filamu fremu moja baada ya nyingine. Lisafishe dirisha hilo kwa brashi laini na kijiti cha mti, kamwe si kwa chuma. Fremu ya Super 8 ina upana usiofika milimita 6, hivyo unywele mmoja ulionasa pale utaonekana ukutani kama kamba nyeusi inayoning'inia pembeni mwa picha, mwanzo hadi mwisho. Kwa kamera iliyoishi pwani, angalia pia kama ndani ya lenzi kuna ukungu, ambao huonekana kama utando wenye vinyuzi ukiimulika kwa tochi; ukiwa mwingi, picha zitafifia, na ni afadhali kutafuta kamera nyingine.

Kipima mwanga kinahitaji uangalifu wa pekee. Katika kamera nyingi kina betri yake ndogo ya duara, na zamani betri hiyo ilikuwa ya zebaki ya volti 1.35, ambayo siku hizi haiuzwi tena. Ukitia ya kawaida ya volti 1.5, kipimo hupotoka. Mbadala mzuri ni betri namba 675 ya vifaa vya kusaidia kusikia, inayotoa volti 1.4 hivi, ingawa ni ndogo kidogo na huhitaji pete ya kuishikilia isicheze. Baada ya kubandua kibandiko chake itaanza kuisha hata usipoitumia, kwa hiyo ibandue siku ya kazi. Kisha geuza kamera kutoka dirishani hadi kwenye kona yenye giza: sindano ya kipimo lazima isogee.

Katika kuchagua filamu, tazama herufi iliyo mwishoni mwa jina lake. D ni ya mwanga wa jua, T ni ya mwanga wa balbu. Kwa jua la mchana la pwani ningechukua Vision3 50D ya Kodak, kwa kuwa lenzi za kamera hizi mara nyingi haziwezi kujibana vya kutosha kuikabili filamu yenye ASA (kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga) 500. 50D ni filamu ya negativu, yaani ambayo mwanga na giza hutokea kinyume, inayovumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, lakini huwezi kuitazama mpaka iskaniwe. Ukitaka kuirusha ukutani kwa projekta, tumia Ektachrome 100D ya rangi au Tri-X isiyo na rangi, ukijua kwamba hizi hazisamehe makosa ya mwanga.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kamera ina swichi yenye alama ya jua na alama ya balbu, na mtu akiwa nje hudhani kwamba lazima aiweke kwenye jua. Alama ya jua huingiza kichujio cha rangi ya chungwa kilichokusudiwa filamu ya T inapotumiwa nje. Kama filamu yako ni D, weka swichi kwenye balbu hata kama umesimama juani, maana hapo kichujio kinaondoka. Ukikiacha, picha zote zitakuwa na rangi ya chungwa.

Chomeka kaseti kivulini, ikae sawasawa bila kulazimishwa. Halafu fanya jaribio ambalo mimi siliruki tena: kwa kalamu ya wino, chora mstari juu ya kipande cha filamu kinachoonekana kwenye uwazi wa kaseti, irudishe, endesha kamera sekunde mbili, kisha uitoe utazame. Mstari ukiwa haupo, filamu inatembea. Ukiwa bado upo, kaseti imekwama. Igongegonge taratibu kwenye kiganja na ujaribu tena. Utapoteza fremu chache kwa mwanga, na katika kamera nyingi kihesabu cha futi kitarudi sifuri, lakini hasara hiyo ni ndogo. Kaseti yangu ya kwanza niliipiga kwenye harusi ya binamu yangu Tanga, na kihesabu kilitembea vizuri hadi futi 50, kwa sababu kilikuwa kinafuata mota wala si filamu. Filamu ilirudi nyeusi, haina hata picha moja ya bibi harusi. Sijaacha kusikitika.

Kabla ya kupiga, rekebisha jicho la kutazamia. Vuta lenzi hadi mwisho, vitu vionekane karibu kabisa, weka pete ya umbali kwenye alama ya nane iliyolala, tazama kitu kilicho mbali sana, mnara wa simu kwa mfano, kisha zungusha pete ya jicho hadi ukione waziwazi. Kila unapompiga mtu picha, vuta hadi mwisho, zungusha pete ya umbali hadi macho yake yaonekane waziwazi, ndipo urudi nyuma kwenye upana unaoutaka.

Shika kamera kwa mikono miwili, viwiko vikiwa vimebanwa kifuani, na uhesabu sekunde saba kimoyomoyo. Mpigo mfupi kuliko huo hautoshi kumwonyesha mtazamaji anachokitazama; mrefu sana unaila kaseti. Ukitaka kugeuza kamera kufuata mandhari, igeuze polepole kiasi kwamba kitu kilichoingia upande mmoja kichukue sekunde saba hivi kutokea upande wa pili, la sivyo picha itarukaruka.

Linalonihangaisha zaidi ni nyuso zetu. Kipima mwanga huchukua wastani wa kila kilicho mbele yake, kwa hiyo mzee mwenye kanzu nyeupe aliyesimama mbele ya ukuta wa chokaa atatoka na kanzu nzuri na uso mweusi usio na macho. Kamera haikukosea hesabu, ilihesabu ukuta. Kama ina kitufe cha kufunga kipimo, msogelee mpaka uso wake ujaze picha, funga kipimo, kisha rudi ulipokuwa. Kama ina kitufe cha mwanga wa nyuma, kibonyeze. Isipokuwa na vyote viwili, mwombe mzee asogee mbele ya mwembe au mlango wenye giza, jua likimpiga kwa ubavuni, nayo kamera itafunguka yenyewe. Nimeona sura za babu zangu katika filamu za zamani zikiwa vivuli tu, na sababu ilikuwa ni hii.

Filamu ikifika mwisho, utaliona neno EXPOSED limechapwa kwenye kipande kinachoonekana katika kaseti. Ifunge isipate joto, na kamwe usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kaseti ambazo hazijatumika zinakaa vizuri kwenye friji, ila zitoe saa kadhaa kabla ya kuzifungua ili zisitoe jasho. Ukizipeleka nje ya nchi kusafishwa, zibebe katika mzigo wa mkononi na uombe zikaguliwe kwa mkono, kwa sababu mashine zinazokagua mabegi yanayoingia tumboni mwa ndege huiharibu filamu. Toa betri kwenye kamera. Kisha andika juu ya kaseti yenyewe, kwa kalamu isiyofutika, aina ya filamu, tarehe, mahali na majina ya waliomo.