Umwache au umpige? Kumpima kulungu dume mchanga kabla hujafyatua

Saa moja kasoro robo asubuhi, theluji imelala kwenye matawi, na dume anatokea kati ya miti bila hata kuvunja kijiti. Unaziona pembe kwanza. Kila mtu huziona pembe kwanza. Moyo unaenda mbio, vidole vinatetemeka ndani ya glavu, na kichwani limebaki neno moja tu: piga. Ukingoja hadi hapo ndipo uanze kujiuliza kama dume huyu ni wa kuachwa, umeshachelewa.

Ninayemzungumzia ni kulungu mkia-mweupe, yule anayewindwa karibu kote mashariki mwa Marekani. Mimi humwinda Pennsylvania. Kwa aliyezoea kulungu wa Afrika, huyu ni wa ukoo mwingine kabisa, na tofauti inayotuhusu iko kwenye pembe. Zake hudondoka wakati wa baridi, huanza kuota upya majira ya machipuko zikiwa zimefunikwa ngozi laini yenye vinyweleo, na kufikia Septemba huwa zimekauka na kusuguliwa mitini hadi zikabaki mfupa mtupu. Kwa hiyo dume utakayemwacha leo hatarudi mwakani na pembe zilezile zilizorefuka kidogo. Atarudi na jozi mpya, na kama amekula vizuri, huenda usimtambue.

Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba watoto wa kulungu huzaliwa zaidi Mei na Juni, na sisi tunawinda kuanzia vuli. Ndiyo maana wawindaji huhesabu umri kwa nusu: mwaka mmoja na nusu, miwili na nusu, mitatu na nusu. Hakuna dume wa miaka miwili kamili mwezi wa Novemba.

Hatua ya 1: Soma sheria ya jimbo lako, mwaka huuhuu

Sheria inaweza kuwa imeshakuamulia. Pennsylvania tangu 2002 ina masharti ya ncha za pembe: katika sehemu kubwa ya jimbo, mwindaji mtu mzima haruhusiwi kumpiga dume asiye na ncha tatu au zaidi upande mmoja, na ncha ni ile yenye urefu wa inchi moja au zaidi. Upande wa magharibi ile ncha ya juu ya jicho haihesabiwi. Vijana wana masharti mepesi zaidi. Na leseni ya mwaka inakupa dume mmoja tu, basi; ukimmaliza Oktoba kwa upinde, Novemba utakuwa unawatazama wengine wakipita.

Texas wanatumia kipimo kingine katika kaunti nyingi: upana wa ndani kati ya pembe mbili usiopungua inchi 13, ambao mwindaji huukadiria kwa kuangalia kama pembe zimevuka masikio yaliyosimama kwa tahadhari. Lakini hapohapo Texas huruhusu mwenye pembe isiyo na tawi apigwe. Majimbo mawili, mnyama mmoja, fikra tofauti. Usibebe sheria ya kwa rafiki yako ukaitumia kwako.

Hatua ya 2: Amua ukiwa nyumbani

Kaa chini, andika sentensi moja. Nataka nyama? Nataka dume aliyekomaa hata kama nitarudi mikono mitupu? Ni msimu wangu wa kwanza?

Kama ni msimu wako wa kwanza, mpige dume yeyote wa halali anayekupa nafasi safi, ufurahi. Nasema hivi nikijua kuna watakaonuna. Mtu hajifunzi kutulia, kupasua, kuchuna na kubeba kwa kuwatazama madume wakipita. Na ambaye anahitaji nyama ya majira ya baridi hadaiwi maelezo na mtu yeyote. Dume wa mwaka mmoja na nusu ana nyama laini kuliko yule jitu la pembe pana unalomwota.

Kuwaacha wadogo ni kwa yule aliyekwisha kushiba hayo na sasa anataka kuona madume wenye umri katika msitu wake. Ukiandika sentensi hiyo, iandike kwa umri, usiiandike kwa ncha. "Sipigi chini ya miaka mitatu na nusu" ni kanuni inayoshikika. "Sipigi chini ya ncha nane" itakudanganya, kwa sababu dume wa miaka miwili na nusu aliyelishwa vizuri anaweza kuwa na ncha nane, na mzee wa miaka sita akawa na sita.

Hatua ya 3: Tazama mwili, pembe ziwe za mwisho

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nitakapokaa.

Jizoeze kuzifunika pembe kwa mawazo. Mimi husema moyoni, "huyu ni jike," kisha naangalia kama mwili unanikubalia.

Mwaka mmoja na nusu: mwili unakubali kabisa. Ni jike aliyepachikwa pembe. Miguu inaonekana mirefu kupita kiasi, shingo nyembamba, tumbo limebana kwenda juu, uso mwembamba. Pembe kwa kawaida ni nyembamba na hazivuki masikio. Tabia yake pia humtaja: ndiye wa kwanza kutoka kichakani, anatembea mchana kweupe, anakodoa macho kwenye dungu lako kama anayetaka kujua unauza nini. Mara nyingi pembe zake ni robo au theluthi tu ya zile atakazobeba akikomaa.

Miwili na nusu: huyu ndiye anayewapoteza wengi, na ukijifunza kumtambua huyu mmoja, umejifunza zaidi ya nusu ya mwongozo huu. Pembe zimeanza kuwa nzuri, pengine zimefika ncha za masikio, nawe unaingiwa na tamaa. Angalia miguu: bado mirefu kwa mwili wake. Angalia kiuno: bado chembamba, na mstari wa tumbo unapanda ukielekea nyuma. Shingo imejaa kidogo, lakini bega halijajaa. Ukijiuliza mara tatu kama ni mkubwa, ni huyu.

Mitatu na nusu: farasi wa mashindano. Kifua ni kizito kuliko nyonga, shingo ni nene, lakini bado unaona waziwazi shingo inapoishia na bega linapoanzia. Kiuno bado kimebana.

Minne na nusu kwenda juu: ule mpaka wa shingo na bega unapotea, kitu kimoja tangu taya hadi kifuani. Tumbo limeshuka usawa wa kifua, na miguu sasa inaonekana mifupi. Haijafupika, mwili ndio ulionenepa kwenda chini. Ndani ya vifundo vya miguu ya nyuma kuna tezi, na kwa madume wakubwa wakati wa kupandana manyoya ya hapo huwa meusi, weusi ukishuka mguuni. Akifika mitano au sita, mgongo hubonyea na ngozi ya chini ya taya hulegea. Huyo anatembea kama mwenye shamba.

Onyo: mwili mmoja hubadilika ndani ya msimu mmoja. Dume wa Oktoba mwanzoni ana shingo nyembamba kuliko yeyeyule wa katikati ya Novemba, msimu wa kupandana ukiwa umepamba moto na shingo imevimba. Mwisho wa msimu huwa amekonda tena kwa kukimbiza majike bila kula. Kwa hiyo shingo isiwe shahidi wako wa pekee. Miguu na kiuno hudanganya mara chache kuliko shingo.

Kamera za mtego, zile zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita, husaidia sana hapa. Ziweke kwenye njia zao tangu Agosti na uzichambue picha jioni, bila moyo kukwenda mbio. Chagua picha za ubavu. Picha za mbele hazifai, kila dume akikutazama uso kwa uso huonekana baba wa msitu.

Hatua ya 4: Usimhukumu mwenye pembe moja-moja

Kuna kauli ya zamani kwamba dume mwenye pembe mbili zilizonyooka bila tawi ni wa mbegu mbaya, apigwe ili asizae. Kwa dume wa mwaka mmoja na nusu, kauli hiyo haishiki. Anaweza kuwa alizaliwa kwa kuchelewa, Agosti badala ya Mei. Anaweza kuwa alipitia ukame, au mama yake alikuwa mchanga na mwenye maziwa haba. Wengi wa namna hiyo wakiachwa miaka miwili mitatu hupata pembe zenye matawi kama wenzao. Tena nusu ya mbegu hutoka kwa mama, na mama hana pembe za kukuonyesha. Huwezi kuchuja kizazi cha kulungu wa porini ukiwa umekaa juu ya mti na risasi tano.

Hatua ya 5: Jiulize kama akiachwa ataishi

Msimu mmoja kijana ninayewinda naye alinipigia simu usiku. "Kaka, yule wa ncha sita niliyemwacha asubuhi, jirani kampiga saa kumi jioni." Nilimwambia pole, nikamuuliza shamba anakowinda lina ukubwa gani. Ekari arobaini.

Ekari arobaini ni sebule. Dume mmoja huzunguka eneo la kilomita za mraba mbili, tatu au zaidi, na wakati wa kupandana hutoka hata nje ya hapo. Zaidi ya hayo, madume wengi wakifika karibu mwaka mmoja huhama walikozaliwa, wakaenda kilomita kadhaa kuanza maisha kwingine. Mdogo unayemwacha leo huenda alizaliwa kwa jirani, na aliyezaliwa kwako yuko njiani.

Kwa hiyo kabla ya msimu, wagongee mlango wenye mashamba wanaokuzunguka. Usiende kuwapa masharti; waulize wao huwinda vipi, waonyeshe picha za kamera yako, uone. Wawili watatu wakikubaliana kuwaacha wa mwaka mmoja na nusu, mmeshapata eneo la maana. Wakikataa, bado unaweza kuwaacha, ila fanya hivyo kwa kuwa unapenda, usije ukamnunia jirani aliyefuata sheria.

Hatua ya 6: Usiwaache madume ukawasahau majike

Kuacha madume peke yake hakupunguzi kundi. Kulungu wakizidi, wanamaliza miche ya mialoni na kila chakula kilicho chini ya kimo cha midomo yao, na madume uliowaacha wakue wanakulia njaa. Kama eneo lako lina kulungu wengi na una kibali cha jike, jaza friza kwa jike. Hapo kumwacha dume mdogo kunakuwa rahisi ajabu, kwa maana nyama ipo.

Lakini angalia usimpige dume bila kujua. Mtoto dume wa miezi sita hana pembe za kuonekana, ana vijivimbe viwili tu chini ya ngozi, na kila mwaka wengi hupigwa kwa kudhaniwa majike. Kichwa chake ni bapa kati ya masikio, pua fupi, mwili wa mraba. Jike mkubwa ana kichwa cha mviringo juu, pua ndefu, mwili wa mstatili. Akija peke yake na ni mdogo, mshuku. Ngoja wafike wawili au watatu uwalinganishe.

Hatua ya 7: Ulizia ugonjwa wa eneo lako

Kuna ugonjwa wa prioni (protini zilizoharibika umbo), kwa Kiingereza chronic wasting disease, unaowakondesha kulungu hadi kufa, ulioonekana kwanza Colorado mwaka 1967 na ukagunduliwa Pennsylvania 2012. Madume wakubwa ndio huambukizwa kwa kiwango cha juu zaidi. Ndiyo maana Missouri iliondoa sharti la ncha katika kaunti zilizoguswa: kuwakuza madume wengi hadi uzee huko kunaweza kuusaidia ugonjwa kusambaa. Ukiwinda ndani ya eneo la aina hiyo, fuata maelekezo ya idara ya wanyamapori hata yakipingana na kanuni yako, peleka kichwa kipimwe, na usile nyama ya mnyama aliyethibitishwa kuwa nao.

Hatua ya 8: Kwenye dungu

Darubini ya mkononi kwanza, kamwe si ile ya bunduki. Hutaki kumwelekezea mtutu kitu ambacho hujakitambua. Miguu, kiuno, kifua, shingo, kwa mpangilio huo. Pembe mwisho. Ukibaki na shaka, jibu ni kumwacha, na ukishasema umemwacha, weka silaha chini kabisa. Mwenye kuishikilia "kwa tahadhari tu" hujikuta amefyatua.

Hatua ya 9: Jisahihishe kwa meno

Kila dume unayempiga, kata taya la chini ulisafishe. Hesabu meno ya shavuni kutoka mbele. Jino la tatu likiwa na vilele vitatu, hilo ni jino la utotoni bado: mwaka mmoja na nusu. Likiwa na viwili, ameshabadilisha, na unahamia jino la nne. Tazama vilele vyake vya upande wa ulimi: mstari wa kahawia wa ndani ukiwa mwembamba kuliko ukingo mweupe unaouzunguka, ni miwili na nusu, ukiwa mpana kuliko huo mweupe, ni mitatu na nusu au zaidi. Baada ya hapo kuna ubishi, lakini kwa kujua kama ulimpiga mchanga inatosha.

Taya la kwanza nililolisafisha lilikuwa la dume niliyekwisha kuwatangazia watu wote kwamba ana miaka mitatu na nusu. Mstari wa kahawia kwenye jino la nne ulikuwa mwembamba kama uzi. Niliporudi kwenye picha za kamera, nikaona nilichokosea: nilimpiga wiki ya pili ya Novemba, shingo ikiwa imevimba, na majani yalimficha miguu tangu magotini kwenda chini.